Pembe Ndogo Begani

Zamani, misafara ilipokuwa ikipita katika nchi ya Unyamwezi, mtoto alianza kujifunza upagazi kabla hajajua maana ya biashara. Richard Burton, msafiri wa Kiingereza aliyefika Kaze, penye Tabora ya leo, mwaka 1857, aliliona jambo hili akaliandika katika kitabu chake: watoto wadogo walitwikwa begani pembe ndogo ya ndovu, ili mwili uuzoee mzigo na moyo uitamani safari. Pembe ile haikuwa mali ya kumtajirisha mtu. Mtoto akiiangusha aliiokota akaiweka tena begani, wala hapana aliyepata hasara. Miaka ilipita, bega likapata sugu, mzigo ukaongezwa, hata siku moja kijana akasimama katika safu ya wapagazi wazima akiwa na frasila 2, yaani kama kilo 32, na mbele yake ziko kilometa zipatazo 800 za kwenda Bagamoyo. Safari ya pwani ilihesabiwa kuwa kipimo cha uanaume. Lakini kipimo hicho hakikuanza siku ya safari. Kilianza siku ya pembe ndogo.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na wapagazi wakaondokewa na kazi yao. Ingawa hivyo, desturi ile ina fundisho linaloifaa kazi nyingine, ambayo leo hufanyika katika miji ileile ya njia ya misafara, ndani ya vyumba vyenye taa kali na harufu ya spiriti. Kazi hiyo ni upasuaji. Na swali lake kubwa ni hili: mwanafunzi wa udaktari atatokaje katika kutazama aingie katika kutenda, bila ya mgonjwa kuwa gharama ya mafunzo yake?

Hapana kazi ya mikono inayodai imani kubwa kuliko upasuaji. Mtu hulala, akatiwa dawa ya usingizi, akamwachia mwenzake kisu. Seremala akiharibu ubao hutafuta ubao mwingine, na mshonaji akikata vibaya hulipa kitambaa. Mpasuaji hana mwili wa pili wa kumrudishia mgonjwa. Kwa hiyo kila mwalimu wa kazi hii hutembea kati ya hofu mbili. Akimpa mwanafunzi kisu mapema, mgonjwa wa leo yumo hatarini. Akimnyima mpaka achelewe, mgonjwa wa kesho yumo hatarini zaidi, kwa kuwa kesho mwalimu hatakuwapo.

Na kesho hiyo haiko mbali. Mwaka 2015 tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilitangaza kwamba watu wapatao bilioni 5 duniani hawawezi kupata upasuaji ulio salama, kwa bei wanayoimudu, katika wakati unaofaa. Tume hiyo ilitaja kazi 3 ambazo kila hospitali ya wilaya yapasa iziweze: kupasua tumbo, kumzalisha mama kwa upasuaji, na kutibu mfupa uliovunjika ukapasua ngozi. Mkoa wa Tabora una eneo la zaidi ya kilometa za mraba 70,000 na, kwa hesabu ya mwaka 2022, watu zaidi ya milioni 3. Katika nchi pana namna hii, mama ambaye uchungu wake umekwama hawezi kumngojea daktari bingwa atoke Mwanza au Dar es Salaam. Atapasuliwa na yule aliyepo. Na yule aliyepo, mara nyingi, ni kijana.

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii yaweza kuandikwa juu ya mlango wa kila chumba cha upasuaji wanamoingia wanafunzi. Anayetazama huona fundo likifungwa kwa mapigo mawili ya vidole, akadhani fundo ni jepesi. Huona kisu kikipita juu ya ngozi kama kidole kipitavyo juu ya vumbi, akadhani ngozi ni laini. Haoni uzito ambao mpasuaji anauzuia mkononi, wala mambo kumi ambayo ameamua kutoyafanya. Jicho huona kilichotendwa, kilichozuiwa halikioni. Ndiyo maana msemo uliozagaa miongoni mwa madaktari wa nchi nyingi, kwamba mtu atazame mara moja, atende mara moja, kisha afundishe, hupendeza masikioni lakini una hatari ndani yake. Mtu aliyetazama mara moja ameona kanda la usufi.

Hata hivyo kutazama si kitu cha kudharauliwa, na njia hii ya misafara ina ushahidi wake. David Livingstone, aliyekuwa daktari kabla ya kuwa msafiri, alikaa miezi kadhaa mwaka 1872 katika tembe la Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akingoja watu na vifaa kutoka pwani. Alipokufa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wenzake wakiongozwa na Susi na Chuma waliazimia kuichukua maiti yake mpaka pwani. Safari ilikuwa ya miezi, na jua ni kali. Ilibidi maiti ifunguliwe na matumbo yatolewe ili isioze. Nani atashika kisu? Alichaguliwa Farijala, kwa sababu zamani alikuwa mtumishi wa daktari mmoja Unguja, na katika utumishi ule alikuwa ameona jinsi maiti zinavyopasuliwa na kuchunguzwa. Hapana aliyemkusudia kuwa mwanafunzi. Alikuwa mtumishi tu, lakini macho yake hayakuwa yamelala. Farijala alikubali kazi, akaomba jambo moja: apewe msaidizi. Akapewa Carras. Kazi ikafanyika, maiti ikatiwa chumvi, ikaanikwa juani siku 14. Mwezi Oktoba 1873 ilipita Kwihara, na Februari 1874 ikafika Bagamoyo. Huko London, Aprili mwaka ule, mpasuaji William Fergusson aliutazama mfupa wa mkono uliovunjwa na simba miaka 30 hivi iliyopita, usiunge vizuri, akathibitisha kwamba maiti ni ya Livingstone.

Katika habari ya Farijala mna mambo mawili ya kushika. La kwanza ni kwamba aliyetazama kwa makini hakuenda mikono mitupu. La pili ni kwamba mtu yule, alipopewa kisu, neno lake la kwanza lilikuwa kuomba mwenzake. Walakini liko na jambo la tatu, nalo ni tofauti kubwa iliyopo kati ya kazi yake na kazi ya kijana wa leo. Mwili aliofungua Farijala ulikuwa umekwisha kufa. Haukuweza kutoka damu mpaka kufa mara ya pili. Kutazama kulimtosha Farijala kwa maiti. Hakutamtosha daktari kijana kwa mama aliye hai.

Yuko binti mmoja aliyesomea udaktari Dar es Salaam kwa miaka 5. Darasa lake lilikuwa kubwa na chumba cha upasuaji kilikuwa kidogo. Siku za kuingia humo alisimama safu ya tatu, nyuma ya wenzake warefu, na aghalabu alichokiona kwa hakika kilikuwa migongo ya watu na mwanga wa taa. Mitihani yake aliishinda. Aliweza kutaja matabaka ya ukuta wa tumbo, kutoka ngozi hata utando wa ndani, bila ya kukosea, kama mtoto wa chuoni asomavyo herufi zake. Lakini mkono wake ulikuwa haujafunga mafundo 20 katika mwili wa mtu aliye hai. Akili yake ilikuwa imekwisha kufika Bagamoyo, na bega lake lilikuwa bado halijabeba pembe ndogo.

Alipomaliza masomo alipangiwa kuwa daktari tarajali, yaani daktari wa mwaka mmoja wa mazoezi, katika hospitali ya mji mmoja ulio kando ya reli ya kati. Huko alimkuta mzee ambaye cheo chake kilikuwa daktari msaidizi. Mzee huyu hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alisoma utabibu miaka 3, akatumika vijijini, kisha akarudi shuleni miaka 2, na tangu hapo alikuwa amefanya upasuaji kwa zaidi ya miaka 20. Binti alimwamkia shikamoo. Mzee akaitikia marahaba, akamwita mwanangu. Kwa daraja za vyeti binti alikuwa juu yake. Wote wawili walilijua jambo hilo, na ilikuwa adabu yao kutolitaja.

Wiki ya kwanza mzee alimpa chuma cha kupanulia jeraha, akamwambia, "Mwanangu, leo utashika hiki tu." Alikishika saa nzima mpaka mkono ukafa ganzi, na moyoni akaona amedharauliwa. Lakini akiwa ameshika chuma kile alikuwa amesimama mezani, si safu ya tatu, na kwa mara ya kwanza aliona kibofu cha mkojo kilivyo karibu na mahali kisu kinapopita. Jioni ile mzee alimpa uzi wa mshipi wa kuvulia samaki. Alimwagiza aufunge mguuni mwa kiti nyumbani kwake, mafundo 100 kila usiku, kwa mkono wa kulia, kisha kwa wa kushoto, na mwisho akiwa amefumba macho. Alimwagiza pia aende buchani kununua utumbo wa mbuzi, aukate na kuushona, kisha atie maji ndani na kutazama kama unavuja. Utumbo wa mbuzi ulivuja usiku wa kwanza, ukavuja wa pili, na wa tatu. Usiku wa nane haukuvuja. Hapana mtu aliyeumia katika usiku ule wote.

Baada ya hapo mzigo uliongezwa kwa kituo. Kwanza alipewa kushona ngozi, mzee akimaliza yote mengine. Alipoiweza ngozi alipewa ule utando mgumu unaoshikilia tumbo. Alipouweza utando alipewa mfuko wa uzazi. Kazi ilifundishwa kinyumenyume, mwisho wake ukitangulia, na hekima yake iko wazi: mtu asifungue asichoweza kukifunga. Mwezi wa tatu ulipokwisha, mzee alimwambia, "Mama atakayekuja, utafungua wewe."

Mama aliyekuja aliletwa usiku kwa pikipiki kutoka kijiji cha mbali, akiwa na uchungu wa siku ya pili. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimezama sana chini. Mzee alimpima pamoja na binti, wakakubaliana, damu ikatafutwa, akanawa pamoja naye. Kisha akakaa juu ya kigoda karibu na ukuta, mikono yake safi imekunjwa kifuani. "Niko hapa," akasema. "Ukinihitaji, niite." Binti alifungua vizuri. Mtoto alitoka kwa shida, akakaa kimya kidogo, akalia. Watu wakatabasamu nyuma ya barakoa zao. Ndipo damu ilipofurika. Kichwa kile kilipovutwa juu kiliupasua zaidi mkato wa mfuko wa uzazi kwa upande, kuelekea penye mishipa mikubwa, na pembe ya mpasuko ikapotea ndani ya damu.

Binti alijua yaliyotokea. Vitabu vilikuwa vimemweleza. Alichukua koleo, akalitia ndani ya damu, akakamata kitu asichokiona, akakiachia. Akatia tena. Mdomo wake haukufunguka. Alikuwa akiwaza kwamba ameaminiwa, na kwamba kuita ni kukiri kuwa hakustahili kuaminiwa. Muuguzi, mama mtu mzima aliyekuwa akimpa vyuma, aliinama kidogo akasema kwa sauti ya chini, "Daktari, mzee yuko nyuma yako." Hapo ndipo binti aliposema, "Mzee, nisaidie." Mzee alikuwa amekwisha vaa glavu. "Bonyeza hapo kwa shashi," akasema. "Usikamate usichokiona." Akabonyeza. Damu ikapungua. Wakaunyanyua mfuko, wakafuta, pembe ya mpasuko ikaonekana. Mzee alielekeza kwa ncha ya koleo, na binti akashona, akianzia nje ya pale mpasuko ulipoishia. Mama aliongezwa damu. Alipona, na mtoto wake akapona.

Karibu na alfajiri walikaa kunywa chai. Binti alileta daftari lake la kazi, ambamo kila upasuaji huandikwa katika safu yake: aliousaidia, alioufanya akisaidiwa, na alioufanya peke yake. Safu ya mwisho ndiyo inayotazamwa na wale wanaochagua watu wa kwenda kusomea ubingwa, na ya kwake ilikuwa tupu. Mzee alitwaa kalamu, akauliza, "Nitie sahihi wapi?" Naye alikuwa tayari kutia popote, kwa kuwa alimpenda kama mwanawe. Binti aliyatazama maandishi kitambo. "Palipoandikwa nilisaidiwa," akajibu. Mzee akatia sahihi. Kisha akamwuliza ulikuwa muda gani kati ya kuona damu na kuita. Binti akasema hajui, labda nusu dakika. "Mama yule anaujua," akasema mzee. "Muda ule ulitoka mwilini mwake."

Maneno hayo ndiyo kiini cha jambo lote. Vyuo hufundisha vidole kwa bidii, na ni haki vifanye hivyo. Lakini katika usiku ule vidole havikuwa na kosa kubwa; mpasuko wa namna ile humpata hata bingwa. Kosa lilikuwa katika ulimi. Nusu dakika ya kimya haikuletwa na ujinga, bali ililetwa na haya. Kijana aliyefunzwa miaka 5 kwamba asiyejua hushindwa mtihani, hawezi kugeuka kwa usiku mmoja akaona kuuliza kuwa ni sehemu ya ustadi. Kwa hiyo maandalizi ya mpasuaji hayana budi kuwa na somo la kuita: litajwe mapema, lizoezwe mezani kama fundo linavyozoezwa kitini, na anayeita asifiwe mbele ya wenzake kama anayeshona vizuri.

Hapana shaka kwamba ulimi huokoa watu. Mwaka 2009 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali 8 za miji 8 duniani, baadhi yake ikiwa London, Toronto, Manila na, katika Tanzania, Ifakara. Hospitali hizo zilitumia orodha ya mambo 19 iliyotungwa na Shirika la Afya Duniani, ambayo husomwa kwa sauti kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla ya mgonjwa kutoka. Watu hutaja majina yao na kazi zao, hutaja jina la mgonjwa na mahali pa kupasuliwa, hutaja damu inayotazamiwa kupotea, hesabu ya sindano na shashi. Vifo vilishuka kutoka 1.5 kwa mia hadi 0.8 kwa mia, na madhara makubwa kutoka 11 kwa mia hadi 7 kwa mia. Orodha hiyo humpa muuguzi na tarajali ruhusa ya kusema kabla hatari haijaja, ili hatari ikija wasikute midomo imefungwa.

Yuko atakayesema kwamba dawa ya yote haya ni cheo: apasue bingwa peke yake, na vijana wangoje. Nchi yenyewe imekwisha jibu. Tangu miaka ya 1960, kwa miongo mingi, Tanzania ilisomesha madaktari wasaidizi kama mzee yule. Uchunguzi wa hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma uliotangazwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi ilifanywa na wao, wala haikuonekana tofauti kubwa ya matokeo kati yao na madaktari wenye shahada. Habari hii haiondoi thamani ya shahada. Inaonyesha tu kwamba mgonjwa hafaidiwi na cheti cha mpasuaji, anafaidiwa na matayarisho yake. Na kwamba yule aliyebeba pembe ndogo kwa uaminifu huweza kubeba kubwa.

Lakini hata bega lililozoea halipaswi kuachwa njiani peke yake. Upande wa kusini-magharibi wa nchi hii ya misafara, pwani ya Ziwa Tanganyika, alikuwapo daktari Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu yapata mwaka 1866, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa Algeria na mapadri wa shirika la White Fathers, akasomeshwa utabibu Malta katika miaka ya 1880. Mwaka 1889 alifika Karema baada ya kutembea pamoja na msafara kutoka pwani, akatibu watu huko mpaka alipokufa mwaka 1956. Maisha hayo yanastahili heshima kubwa. Hata hivyo heshima isifanywe kuwa kanuni. Kwa miaka mingi Atiman hakuwa na daktari mwenzake karibu, na ustahimilivu wake ulikuwa jibu la mtu mwema kwa upungufu wa zama zake. Zama hizi hazina udhuru uleule, kwa kuwa sauti hufika Karema kwa dakika moja. Kijana akiachwa peke yake leo, ni kwa sababu watu wameacha kumpangia mwenzake.

Wako waliojaribu kumpangia. Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, chenye makao yake Arusha, kilianzishwa mwaka 1999 kwa wazo lifananalo na la msafara: mwanafunzi hahamishwi kwenda kukaa katika jumba moja kubwa, hufunzwa katika hospitali zilizokubaliwa, akiwa kazini, chini ya wapasuaji waliokwisha hitimu. Miaka 2 ya kwanza humfikisha katika uanachama, na kwa upasuaji wa jumla hufuata miaka 3 ya ubingwa. Katika kila kituo yuko mtu wa kuitwa. Lakini mpango huo humpokea mtu aliyekwisha kuwa daktari. Pembe ndogo yapasa itwikwe mapema zaidi, wakati mwanafunzi angali katika safu ya tatu. Apewe uzi na mguu wa kiti. Apewe utumbo wa mbuzi. Avutwe mezani ashike chuma. Afundishwe kutaja jina lake kwa sauti mbele ya watu wakubwa. Mambo haya hayadai fedha nyingi; yanadai mwalimu anayekubali kuchelewa nusu saa kurudi nyumbani.

Binti yule sasa anasomea ubingwa wa upasuaji. Zamu yake ikimpeleka mahali penye wanafunzi, hubeba mfukoni uzi wa mshipi wa samaki. Siku moja mwanafunzi wa mwaka wa nne alimwuliza amefanya upasuaji mara ngapi peke yake. Alimjibu kwamba bado hajapata kufanya hata mmoja peke yake, kwa maana siku zote alikuwapo mtu wa kumpa vyuma, mtu wa kulinda usingizi wa mgonjwa, na mtu wa kumwita. Mwanafunzi alicheka, akidhani ni unyenyekevu. Binti hakucheka. Aliuzungusha uzi mguuni mwa kiti, akamkabidhi ncha mbili, akamwambia aanze na mkono wa kushoto.